Jinsi ya kuvaa vizibo vya masikio vikazuia kelele kweli

Hapa Kamukunji, Nairobi, nyundo hugonga bati tangu asubuhi, na grainda haipumziki. Kijana mpya akija kujifunza kuunda masanduku, naanza na masikio yake kabla sijampa nyundo.

Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isizidi saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja tu akusikie, vaa kinga.

1. Nawa mikono, vumbi la chuma lisiingie sikioni. Viringisha kizibo cha sponji kwa vidole mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo.

2. Hapa ndipo wengi hukosea. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, ushike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma. Njia ya sikio imepinda, ukivuta inanyooka. Ingiza kizibo upesi kabla hakijafura.

3. Kishikilie kwa kidole ukihesabu polepole hadi 30. Ukiachia mapema, kitajisukuma nje.

4. Mashine ikiwaka, funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo hakijakaa: toa, anza upya. Kikikaa vizuri, viganja haviongezi kitu kikubwa, na sauti yako mwenyewe huisikia nzito.

5. Usivue katikati ya kelele. Kinga inayopunguza kelele kwa desibeli 30, ukiivua nusu saa tu katika saa 8 za kelele, inakufaa kama inayopunguza desibeli 12. Mteja akija kuuliza bei, tokeni nje kwanza.

Pamba haisaidii, nawaomba sana muiache. Wanaopenda vifuniko vya nje, vile vinavyofunika sikio zima, angalieni mkono wa miwani, kofia au mtandio usipite chini yake, maana penye upenyo kelele huingia. Anayejifunga mtandio avae vizibo ndani yake.

Jioni toa kizibo taratibu ukikizungusha. Kukichomoa kwa nguvu huumiza kiwambo cha sikio. Sponji isiyofura tena itupe. Na masikio yakilia mluzi baada ya kazi, nenda ukapimwe mapema, kwa sababu chembe za kusikia zikifa hazioti nyingine.