Namna ya Kuwaongoza Wafanyakazi Mahali pa Kazi Panapobadilika

Mabadiliko kazini hayaanzi siku tangazo linapobandikwa ukutani. Huanza wiki kadhaa kabla, wafanyakazi wanapoona vikao vya wakuu vikirefuka, wageni wakipitishwa ofisi kwa ofisi, na maombi ya likizo yakicheleweshwa bila maelezo. Kufikia siku utakaposimama mbele yao kusema kwamba idara mbili zitaunganishwa au kwamba mfumo mpya wa kompyuta unaletwa, minong'ono itakuwa imekwisha kuenea, na mara nyingi huwa ya kutisha kuliko ukweli wenyewe. Kwa hiyo zungumza nao mapema, hata kabla hujapata majibu yote.

Utakapozungumza, yagawe maelezo yako katika mafungu matatu: yaliyokwisha kuamuliwa, yasiyoamuliwa bado, na yale ambayo wafanyakazi wenyewe wataachiwa waamue. Kila jambo la fungu la pili litaje pamoja na tarehe utakayorudi kulizungumzia, na tarehe hiyo ikifika urudi kweli, hata kama la kusema ni kwamba uamuzi haujapatikana. Watu humwamini zaidi kiongozi anayetimiza miadi yake bila habari mpya kuliko yule anayejificha mpaka awe na habari njema. Usiahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi ikiwa huna mamlaka ya kulihakikisha hilo, kwa kuwa ahadi ya aina hiyo ikivunjwa, kila utakalosema baadaye litatiliwa shaka.

Fungu la tatu ndilo linalosahaulika, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Mwaka 1948 watafiti Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kiwanda cha nguo za kulalia katika jimbo la Virginia, Marekani. Kundi moja la wafanyakazi liliarifiwa tu kwamba utaratibu wa kazi na kiwango cha malipo vimebadilika. Makundi mengine yalielezwa sababu za mabadiliko, kisha yakashirikishwa kuyapanga, moja kwa njia ya wawakilishi na mengine kwa kila mtu kushiriki. Katika kundi lililoarifiwa tu, asilimia 17 ya wafanyakazi waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Katika makundi yaliyoshirikishwa hakuna aliyeacha kazi katika muda huo, na wale walioshiriki wote kwa pamoja walirudia kasi yao upesi zaidi na hata kuipita. Makundi yale yalikuwa madogo na kiwanda kilikuwa kimoja, lakini jambo moja linafaa kuzingatiwa: wafanyakazi hawakuombwa kuamua kama mabadiliko yawepo, walipewa nafasi ya kusema yatekelezwe vipi. Nafasi ya namna hiyo karibu kila kiongozi anaweza kuitoa, kwa mfano katika kupanga zamu, mpangilio wa meza, nani aanze mafunzo, au kazi ipi ihamishwe kwanza. Ila usiombe maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Watu hugundua haraka, nao hukaa kimya siku unayowahitaji kweli.

Chukua mfano wa karani wa masijala aliyefanya kazi na majalada ya karatasi kwa miaka kumi na mitano. Anajua jalada lipi limewekwa pasipo pake, na wenzake wote humwendea wanapokwama. Siku kompyuta inapowashwa, kijana aliyeajiriwa mwaka jana anamwelekeza kitufe cha kubonyeza, huku watu watatu wakisubiri dirishani. Wengi wangesema karani huyu anapinga teknolojia, ilhali kinachomuuma ni kwamba asubuhi moja tu imemwondolea sifa ya kuwa mtu anayejua. Mfunze kabla ya siku hiyo, ndani ya saa za kazi, mbali na macho ya wateja, na umpunguzie idadi ya majalada anayotakiwa kushughulikia katika wiki za mwanzo. Kisha mwombe aonyeshe makosa yaliyomo katika majalada ya zamani ambayo yanapaswa kusahihishwa kabla ya kuingizwa kwenye mfumo, kwa sababu kazi hiyo hakuna mwingine anayeiweza kama yeye.

Mtafiti William Kahn, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu watu kujitolea kwa moyo katika kazi zao, alitaja masharti matatu: mtu aione kazi kuwa na maana, ajihisi salama kuwa yeye mwenyewe bila kudhurika, na awe na nguvu za mwili na za akili za kuifanya. Kuhusu usalama, jihadhari na namna unavyompokea mtu wa kwanza anayekuletea habari mbaya. Akikuambia kwamba mfumo mpya unapoteza kumbukumbu nawe ukamkaripia, wenzake waliokuwa wakimtazama hawatakuletea tatizo la pili. Mshukuru mbele yao, na umrudishie taarifa ya hatua iliyochukuliwa.

Kuhusu nguvu, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuwaachia watu mzigo wa zamani na kuwaongezea mpya, hata mtu anajaza ripoti ileile kwenye karatasi na kwenye kompyuta kwa miezi. Kabla ya kuongeza kazi, tangaza ni kazi ipi inakoma na lini.

Wasimamizi wa vitengo wapewe taarifa kabla ya walio chini yao, maana maswali yataanzia kwao. Wanaofanya kazi mbali na ofisi wapate taarifa hiyo saa ileile wenzao wanapoipata.

Baada ya miezi mitatu, keti na kila kikundi na uulize maswali mawili: ni kipi kimekuwa kigumu kuliko tulivyotarajia, na ni kipi cha zamani tulichokiacha kimakosa? Yaandike majibu mbele yao, chagua angalau moja lililo ndani ya uwezo wako, na ulirekebishe wiki hiyohiyo.