Namna ya Kuusoma Mtaa Unaobadilika: Mwongozo kwa Mkazi wa Durham, North Carolina

Mtaa hauanzi kubadilika siku tingatinga linapoegeshwa mbele ya nyumba ya jirani. Kufikia siku hiyo kiwanja kimeshauzwa, kibali kimeshatolewa, na pengine matumizi ya ardhi yamekwisha kubadilishwa katika kikao ambacho watu wachache sana wa mtaa huo walihudhuria. Karibu kila hatua huacha maandishi katika ofisi za umma, na maandishi hayo yako wazi kwa yeyote, awe raia au mgeni, mwenye nyumba au mpangaji. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu naamini mtu anayejua kuyasoma mapema hupata muda wa kuamua mwenyewe: abaki, anunue, auze kwa bei ya haki, au asimame mbele ya Baraza la Jiji na kusema.

Ninatumia mfano wa Durham, jiji la North Carolina lililokuwa na wakazi 228,330 mwaka 2010 na 283,506 mwaka 2020. Miongoni mwao zimo familia za wakimbizi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili, na familia kama hizo, zikiwa ngeni na zenye kipato kidogo, mara nyingi hutafuta nyumba za bei nafuu zilizo karibu na njia za basi, yaani kwenye mitaa ileile ambayo wawekezaji nao wanaitafuta.

Anza na kiwanja, kisha nyumba

Kaunti ya Durham ina ramani na kumbukumbu za kodi ya ardhi na majengo kwenye intaneti, bila malipo. Tafuta anwani ya nyumba unayoishi au unayotaka kuinunua, kisha andika pembeni mambo manne: jina la mmiliki, anwani anakopokelea barua, thamani ya ardhi, na thamani ya jengo. Mbili za mwisho huandikwa kando kando, na uwiano wake ndio unaosema mengi. Thamani ya ardhi inapokaribia ya jengo au kuizidi, maana yake ni kwamba soko limeacha kuihesabu nyumba na linahesabu mahali iliposimama. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa imara na safi, lakini mnunuzi wake anayefuata huenda akainunua ili aibomoe. Usitoe hukumu kwa nyumba moja tu, kwa kuwa kiwanja kikubwa cha pembeni kinaweza kuwa na thamani kubwa kwa sababu zake. Pitia angalau upande mmoja wa barabara kuanzia njia panda hadi njia panda.

Anwani ya barua nayo ina habari. Ikiwa si ile ya nyumba yenyewe, mara nyingi nyumba hiyo imepangishwa, na ikiwa iko katika jimbo jingine, mwenye nyumba si jirani yako. Ukikuta jina la kampuni, litafute katika daftari la kampuni la Waziri wa Jimbo wa North Carolina, ambalo huonyesha ni nani aliyeisajili na lini. Si ajabu kukuta majina matano tofauti ya kampuni yenye anwani moja.

Baada ya hapo nenda kwenye kumbukumbu za Msajili wa Hati. Hati ya kuhamisha umiliki kwa kawaida haitaji bei ya kweli, ila huonyesha ushuru wa stempu, ambao katika jimbo hili ni dola 1 kwa kila dola 500 za bei. Zidisha ushuru kwa 500 nawe unaijua bei: stempu za dola 640 zina maana ya mauzo ya dola 320,000. Ukiona nyumba imeuzwa kwa kampuni kwa bei ndogo, kisha kampuni hiyo ikaiuza tena baada ya miezi michache bila kibali chochote cha ukarabati, tofauti ya bei hizo mbili ni pesa ambazo mwenye nyumba wa awali, ambaye mara nyingi ni mzee au mjane, alizipoteza kwa kutojua. Hati isiyo na stempu huwa zawadi, mirathi au uhamisho wa ndani ya familia, kwa hiyo usiihesabu kama bei ya soko.

Jua kwa nini ardhi ilikuwa ya bei rahisi

Hapa ndipo wengi huruka, nami naona ndipo penye kiini cha jambo lote. Bei ndogo ya ardhi katika mitaa ya kusini na mashariki ya katikati ya Durham haikutokana na udongo wala mteremko. Ilitengenezwa.

Durham ilikua kwa tumbaku, na Wamarekani weusi waliofanya kazi katika viwanda vyake walijenga mji wao ndani ya mji, uitwao Hayti, kuzunguka barabara ya Fayetteville. Kampuni ya bima ya North Carolina Mutual ilianzishwa mwaka 1898, benki ya Mechanics and Farmers ikafuata mwaka 1908, na ofisi zao zilikuwa barabara ya Parrish, iliyojulikana kote nchini kwa biashara za watu weusi. Mwaka 1937 shirika la serikali ya Marekani lililosimamia mikopo ya nyumba liliipaka Durham rangi nne kwenye ramani, kuanzia kijani kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa salama kwa mkopo hadi nyekundu kwa iliyohesabiwa kuwa hatari. Mitaa ya watu weusi ilipakwa nyekundu. Katika mitaa ya wazungu kama Hope Valley, hati zenyewe zilikuwa na masharti ya kuzuia nyumba zisimilikiwe wala kukaliwa na watu weusi, masharti ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. Ramani za rangi zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Richmond. Iweke ile ya Durham kando ya ramani ya leo ya kaunti, nawe utaona mipaka ya mwaka 1937 ikifuatana kwa karibu na mipaka ya bei.

Kisha ikaja barabara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya mpango wa serikali wa kufufua miji, sehemu kubwa ya Hayti ilibomolewa na barabara kuu ya Durham, NC 147, ikapitishwa katikati yake. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni familia zipatazo 4,000 na biashara zipatazo 500 zilizoondolewa. Wakazi waliahidiwa kujengewa upya, na ahadi hiyo kwa sehemu kubwa haikutimizwa. Kanisa la St. Joseph's, lililojengwa mwaka 1891, ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalimika, na leo ni kituo cha utamaduni.

Upande wa pili wa barabara hiyohiyo kiwanda cha American Tobacco kilifungwa mwaka 1987, uwanja mpya wa besiboli ukafunguliwa jirani yake mwaka 1995, na mwaka 2004 majengo ya kiwanda yakafunguliwa upya kama ofisi na migahawa. Hapo ndipo viwanja vilivyokuwa vikidharauliwa vilipoanza kuonekana kuwa umbali wa kutembea kutoka kazini. Ukilijua hili, hutadanganyika na dalali anayekwambia kwamba mtaa wako hauna thamani, wala hutaamini kwamba kupanda kwa bei ni jambo lililotokea lenyewe.

Soma mipango kabla ya mabango

Kila kiwanja kimepangiwa matumizi: nyumba moja, nyumba pacha, ghorofa, maduka. Ramani ya kaunti huonyesha jambo hilo pia. Linganisha matumizi ya sasa na mpango mkuu wa maendeleo uliopitishwa mwaka 2023. Mahali ambapo leo pana nyumba ndogo lakini mpango mkuu unapaona kuwa pa majengo makubwa ndipo maombi ya kubadili matumizi yanapotarajiwa. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2019 jiji limelegeza masharti katika mitaa ya ndani ili kuruhusu nyumba pacha, nyumba ndogo za uani na viwanja vidogo zaidi, kwa hiyo mabadiliko mengi hayahitaji kikao chochote. Mwenye kiwanja huchukua kibali na kujenga.

Barua za kuarifu kuhusu ombi la kubadili matumizi hutumwa kwa wamiliki wa ardhi walio karibu. Mpangaji huenda asizipate. Kwa sababu hiyo, mpangaji anapaswa kuangalia bango linalowekwa kwenye eneo husika na kunakili namba ya ombi, na kwa namba hiyo atapata ofisini nyaraka zote.

Tembea pia kwa miguu. Vigingi vya wapima ardhi vyenye utepe wa rangi kali, uzio wa plastiki uliozungushiwa miti, kontena kubwa la taka mbele ya nyumba tupu: vyote hivyo hutangulia ujenzi. Na zungumza na wazee. Kusini mwa Marekani mzee haitwi kwa jina tupu, bali hutanguliziwa Miss au Mister kabla ya jina lake la kwanza, heshima ambayo aliyelelewa kwa shikamoo ataizoea upesi. Mzee aliyekaa hapo miaka arobaini anajua ni nani aliyeuza, kwa nini, na barua gani zinaingia kwenye visanduku siku hizi.

Kodi ya ardhi na majengo

Sheria ya jimbo inaitaka kila kaunti ithamini upya angalau mara moja katika miaka minane. Durham ilithamini mwaka 2019 na tena mwaka 2025. Watu huingiwa na hofu wanapoona thamani imepanda, lakini swali sahihi ni kama thamani yako imepanda kuliko wastani wa kaunti. Baada ya uthamini, kaunti na jiji hutakiwa kutangaza kiwango cha kodi ambacho kingeleta mapato yaleyale ya awali. Ikiwa wastani umepanda kwa nusu na nyumba yako imepanda maradufu, utalipa zaidi hata kiwango hicho kikitumika. Hili huwapata hasa wenye nyumba za zamani karibu na katikati ya jiji.

Kama thamani si sahihi, omba ipitiwe upya ukiwa na ushahidi wa mauzo ya jirani, ambayo sasa unajua kuyakokotoa kwa stempu, pamoja na picha za paa bovu au msingi uliopasuka. Ukikataliwa, kuna bodi ya rufaa ya kaunti, na baada yake tume ya jimbo.

Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu wa kudumu uliothibitishwa, akiwa na kipato kisichozidi kikomo kinachotangazwa kila mwaka, anaweza kuondolewa kodi kwenye nusu ya thamani ya makazi yake au dola 25,000, kutegemea kilicho kikubwa. Upo pia utaratibu wa pili unaofunga kodi kwenye asilimia 4 au 5 ya kipato kwa aliyemiliki na kuishi hapo miaka mitano, ila kiasi kinachobaki ni deni linaloahirishwa, na nyumba ikiuzwa miaka mitatu ya mwisho ya deni hilo hudaiwa pamoja na riba. Maombi yafike kabla ya tarehe 1 Juni kupita. Unafuu huu hauji wenyewe, na inauma kuona mzee akiuza nyumba kwa sababu ya kodi ambayo sheria ilikuwa tayari kumpunguzia.

Kwa mpangaji

Kinga yake ni ndogo, na ni afadhali aijue ilivyo. Tangu mwaka 1987 sheria ya North Carolina inakataza miji kuweka kikomo cha kodi ya pango. Anayekaa mwezi hadi mwezi bila mkataba wa muda anaweza kutakiwa kuondoka kwa notisi ya siku saba tu. Kwa hiyo, ukiona dalili nilizozitaja, omba mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja au zaidi sasa, kabla nyumba haijauzwa, kwa kuwa mnunuzi kwa kawaida hufungwa na mkataba anaoukuta. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli au kutoa vyombo vyako nje bila amri ya mahakama. Ukipelekwa mbele ya hakimu na kushindwa, una siku 10 za kukata rufaa.

Kwenye kikao

Ombi la kubadili matumizi hupita kwanza kwenye Tume ya Mipango, ambayo hushauri tu, kisha Baraza la Jiji, ambalo huamua. Hadi mwaka 2015 majirani waliweza kuwasilisha pingamizi rasmi lililolazimu kura za robo tatu, lakini bunge la jimbo limeiondoa nguvu hiyo. Kilichobaki ni hoja nzuri na masharti ya maandishi. Mjenzi anaweza kuahidi kwa mdomo kwamba nyumba kadhaa zitakuwa za bei nafuu, na ahadi hiyo haimfungi mtu. Sharti alilolikubali kwa maandishi na likaingizwa katika uamuzi wa baraza linamfunga yeye na kila atakayenunua ardhi hiyo baada yake.

Kwa hiyo usitumie dakika zako kusema kwamba hutaki mabadiliko. Uliza ni nyumba ngapi zitakuwa za bei nafuu, kwa familia zenye kipato gani, kwa miaka mingapi, na wapangaji waliopo watahamishiwa wapi wakati wa ujenzi, halafu umwombe diwani aulize mbele ya wote kama majibu hayo yameandikwa kwenye ombi. Mnunuzi anayetaka kubaki muda mrefu aulize pia kuhusu amana ya ardhi ya jamii, kama ile iliyoanzishwa Durham mwaka 1987. Katika utaratibu huo ardhi hubaki mikononi mwa shirika la jamii, familia hununua nyumba peke yake, na siku ikiuza huuza kwa bei yenye kikomo ili familia nyingine ya kipato hichohicho iweze kuingia. Mwaka 2019 wapiga kura wa Durham waliidhinisha dola milioni 95 za mkopo wa jiji kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mkazi yeyote ana haki ya kuliuliza baraza zimetumika wapi, na ni ngapi kati yake zimefika mtaani kwake.