Intavyu ya kusomea uuguzi chuo kikuu, vile utajipanga

Kwanza tuelewane, kama umepangiwa na KUCCPS, wale hugawa nafasi za vyuo hapa Kenya, mara nyingi hakuna mtu atakuita intavyu, unapata barua unaenda kuripoti. Hii ni ya nyinyi mnaoomba moja kwa moja chuoni, sanasana vyuo vya kibinafsi.

Kabla hujalipia fomu angalia gredi zako. Digrii ya uuguzi inataka C+ ya jumla KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, na C+ kwa Biolojia, Kemia, Kizungu ama Kiswahili, alafu Hesabu ama Fizikia. Kama Kemia ilikuangusha usijidanganye ati utaongea vizuri wakuonee huruma, jaribu diploma, digrii utapanda baadaye. Pia ingia tovuti ya Baraza la Wauguzi uone kama hicho chuo kimeidhinishwa kufunza uuguzi, juu chuo kinaweza kuwa na majumba na basi zake na kozi yenyewe haijapita, sasa usipoandikishwa na Baraza kama mwanafunzi mtihani wa leseni hufanyi, na miaka minne ya karo imeenda hivyo.

Makaratasi ni yale yale: risalti slipu, livingi (cheti cha kumaliza shule), cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha za pasipoti. Beba orijino na fotokopi kwa faili moja na orijino usiachie mtu. Printi ile imeili ya kukuita, soja wa geti ataiuliza.

Sasa kwa chumba. Swali la kwanza karibu kila mahali ni kwa nini uuguzi. Mi niliwajibu ati napenda kusaidia watu tangu nikiwa mdogo, madam mmoja akaniangalia juu ya miwani akasema hata makanga husaidia watu, mbona hukuenda stage? Nilinyamaza kabisa. Enda na kitu kimoja ulichoona kwa macho yako. Ningejua ningewaambia vile siku tumeenda kuona nyanya yangu amelazwa, nesi alimuuliza jina na bado akasoma ile bendi ya mkononi kabla ampe dawa, na walikuwa wamezoeana wiki nzima. Hapo unaonyesha umewahi kuangalia hii kazi, si kuiota tu.

Alafu kuna maswali ya mtego. Jirani wa ploti yenu amelazwa wodi yako, mamako anauliza anaumwa na nini, utamwambia? Humwambii, hata kama ni mamako. Umempa mgonjwa dawa isiyo yake, unafanya nini? Watu wengi hukimbilia kujitetea, na wanataka kusikia unamwangalia mgonjwa kwanza, unaita sista mkubwa wa shifti na daktari saa hiyo hiyo, unaandika vile ilienda, huifichi.

Intavyu ni ya Kizungu lakini usishangae wakigeuza. Mimi niliambiwa nimweleze shosho, yaani nyanya mzee, asiyejua Kizungu kwamba kesho ana operesheni asile kitu. Nikasema, shosho, kesho asubuhi usikule chochote. Yule madam akajifanya shosho, akauliza, "Na chai?" Nikamwambia chai pia hapana. "Ya maziwa kidogo tu, mwanangu, ya kumeza dawa?" Nikaanza kucheka badala ya kumweleza kwamba akilala kwa dawa ya usingizi, kilicho tumboni kinaweza kupanda kiingie kwa mapafu, na kwamba hiyo dawa yake tutauliza daktari kama ataimeza na maji kidogo. Fanya mazoezi na shosho wako wa ukweli, atakusumbua kuliko paneli yoyote.

Siku yenyewe, kucha fupi bila rangi, viatu vya kufunika vidole. Kama ni saa mbili asubuhi na unatoka Kayole, kufika saa kumi na moja unusu uwe kwa stage, na mvua ikinyesha hata hiyo umechelewa.

Ukimaliza angalia imeili kila siku, hadi upande wa spamu. Barua ya nafasi huwa na tarehe ya mwisho ya kukubali, na pesa ya kushikilia nafasi ilipe kwa akaunti ama peibili iliyoandikwa kwa hiyo barua, si kwa namba ya mtu anayesema yeye ni wa ofisi ya usajili.