Namna ya kumwona ndege mkimbiaji kwenye dembo lililoungua, Lubumbashi

Kule Sahara kuna ndege wa rangi ya mchanga ambaye maisha yake yote ni kukimbia chini. Ndugu yake yuko hapa kwetu Katanga. Wanasayansi humwita Cursorius temminckii, ana urefu wa sentimeta 20 hivi, na jangwa lake ni dembo, yaani bonde la majani linalojaa maji wakati wa mvua, lililopitiwa na moto.

Kwanza, subiri moto upite. Nenda Agosti au Septemba, kabla ya mvua. Penye majani marefu usipoteze muda. Anataka ardhi tupu, nyeusi, yenye majivu. Waulize wachoma makala, wao ndio wanaojua moto ulipita wapi. Mwenye shamba naye mwombe ruhusa.

Pili, fika mapema, jua linapochomoza. Likishapanda, hewa juu ya majivu inatetemeka na darubini haikusaidii kitu.

Tatu, usitembee. Hapa ndipo wengi wanamkosa. Keti, egemea kichuguu, na usitafute ndege, tafuta mwendo. Atakimbia mbio fupi, kisha atasimama wima ghafla. Akisimama tu, amepotea: mgongo wake na udongo ni rangi moja. Macho yako yabaki palepale. Atainama kudonoa mdudu, na hapo utampata tena. Sasa inua darubini polepole: utosi wa rangi ya kutu, mstari mweupe na mweusi nyuma ya jicho, doa jeusi tumboni, miguu mirefu myeupe isiyo na kidole cha nyuma. Akiruka, mabawa yake kwa chini ni meusi. Ukiona mkubwa zaidi, mwenye pete nyeupe kichwani na makelele mengi, huyo siye.

Nne, angalia unapokanyaga. Hajengi kiota. Hutaga juu ya ardhi tupu, kwa kawaida mayai mawili, ya rangi nzito kama ardhi yenyewe iliyoungua. Mwaka jana, karibu na barabara ya Kasenga, niliyaona mguu wangu ukiwa bado hewani. Nilirudi kinyumenyume nikikanyaga nyayo zangu zilezile, bila kupiga picha, maana jua lilikuwa kali na mayai yalikuwa wazi. Fanya vivyo hivyo, na uende mbali kabisa. Nilipogeuka, mzazi alikuwa ameshasimama juu yake, akiyatilia kivuli.