Namna ya Kujenga Nyumba Isiyotegemea Kiyoyozi Dar es Salaam
Kabla ya kuchimba msingi, simama kiwanjani asubuhi na alasiri utazame jua linakopiga, kwa kuwa mjini Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huchoma paa, ilhali kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa moja kwa moja. Kwa hiyo elekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uweke bafu au stoo badala ya chumba cha kulala.

Madirisha na yakabiliane, ili pepo za kaskazi na kusi zipenye chumba kizima. Dirisha moja, hata liwe kubwa namna gani, halitoshi.

Paa ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Chagua bati jeupe, ambalo hurudisha miale mingi kuliko yale mekundu yanayopendwa sana siku hizi, acha matundu ya hewa yenye wavu kati ya bati na dari, kisha refusha upenu ili ukuta usipigwe na jua wala mvua. Jua la jioni, ambalo huingia chini ya upenu, lizuie kwa mwarobaini uliopandwa mbali kidogo na msingi.