Mafuta yakishika moto kwenye kikaango

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji hata kama ndoo iko karibu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini yake, na kwa joto lile hugeuka mvuke papo hapo. Yakiwa mvuke hutanuka karibu mara 1,700, na huo ndio unaorusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, telezesha mfuniko wa chuma juu ya kikaango ukianzia upande wako, kisha kiache hivyo mpaka kipoe kabisa. Ukifunua mapema hewa huingia na moto unaweza kurudi. Na tafadhali, usikibebe kukitoa nje!

Mfuniko ukishindwa, tokeni wote, fungeni mlango, mpige simu zimamoto mkiwa nje. Katika miji midogo kikosi mara nyingi kina magari machache, na pengine wazimamoto wenyewe huitwa kutoka majumbani kwao, kwa hiyo waelekezeni vizuri: barabara gani, alama gani ya karibu, kuna mtu ndani au la. Watoto nao wafundishwe kusema hayo, na namba ibandikwe ukutani mahali wanapoifikia kwa macho.