Somo: Oili ya gari lenye turbo kwenye joto kali, usiishie kusoma mbele ya kopo

Wakuu, swali la "nina gari la turbo, huku ni joto, niweke oili gani" nimelijibu mara nyingi mno, sasa najikuta narudia maneno yale yale. Leo naliandika lote mahali pamoja. Tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza, hasa hatua ya 4, maana hiyo ndiyo iliyonigharimu turbo nzima.

Kwanza tuelewane kwa nini turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini, inayozungushwa na moshi wa ekzosi) haitaki oili ya kubahatisha. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo za magari ya siku hizi hupita 200,000. Upande mmoja wa shafti kuna moshi wa ekzosi ambao kwenye injini ya petroli unaweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Sentimita chache kutoka hapo kuna beringi, na kwenye turbo nyingi beringi hizo hazina hata gololi. Shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi. Utando ukikatika, chuma kinakutana na chuma. Na oili hiyo hiyo ndiyo inayochukua joto pale na kulirudisha kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Hatua ya 1. Fungua kitabu cha gari, tafuta ukurasa wa oili.

Hatua ya 2. Jua injini yako: petroli au dizeli, kama ni petroli, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda au la, kama ni dizeli, ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi au haina.

Hatua ya 3. Chagua namba kwa kufuata jedwali la joto lililo kitabuni. Namba yenye W ni ya baridi: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W nyuzi 25 chini ya sifuri, 15W nyuzi 20 chini ya sifuri. Sehemu za joto hazifiki huko, lakini W ndogo bado inasaidia, kwa sababu ukiwasha gari asubuhi oili hupanda mpaka kwenye turbo mapema zaidi. Namba ya pili ndiyo ya moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Mnato (uzito wa oili inapomiminika) wa 30 ni kuanzia sentistoki 9.3 hadi 12.5, wa 40 ni 12.5 hadi 16.3, wa 50 ni 16.3 hadi 21.9. Maana yake 0W-40 na 15W-40 zikishapata moto ziko daraja moja. Anayesema 0W-40 inageuka maji kwenye joto amesoma namba isiyohusika.

Kitabu kikiruhusu 5W-30 na 5W-40, na wewe unabeba mzigo au unapanda milima kwenye jua kali, chukua 40. Lakini kikitaja 0W-20 peke yake, usirukie 20W-50 kwa sababu tu kuna joto. Injini hiyo imetengenezwa na nafasi finyu kwenye beringi na vifaa vya kubadili majira ya vali vinavyosukumwa na oili. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, asubuhi pampu inazidiwa, vali ya kupunguza presha inafunguka, na sehemu ya oili inarudi chini kabla ya kufika kunakotakiwa.

Hatua ya 4. Geuza kopo, soma nyuma. Hapa ndipo nilipoharibu. Kitabu changu kilitaka 5W-30 yenye daraja la ACEA (chama cha watengeneza magari wa Ulaya) A3/B4. Nikanunua 5W-30, kopo zuri, muhuri mzima. Nyuma liliandikwa A5/B5. Sikujali, kwani namba ya mbele si ile ile? Nikakaa nayo zaidi ya kilomita 12,000. Siku moja nimepanda mlima mrefu gari limejaa, nikasimama juu kupumzika, injini iko sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa), nikaona taa nyekundu ya oili inapepesa. Nikigusa pedali inazima, nikiachia inapepesa tena. Nikasema ni waya. Wiki chache baadaye turbo ikaanza mluzi wa juu kila nikikanyaga. Fundi akafungua mpira wa hewa, nikaingiza vidole nikashika nati iliyo katikati ya feni ya turbo: ilipanda na kushuka waziwazi, na kwenye ukuta wa nyumba ya feni kulikuwa na mkwaruzo unaong'aa, umejipinda kama kucha. Shafti ilipotolewa ilikuwa na rangi ya buluu iliyoungua.

Tofauti ya yale makopo mawili iko kwenye kipimo kinachoitwa HTHS, yaani mnato wa oili kwenye nyuzi 150 huku inasagwa kwa kasi kubwa kati ya vyuma. Hiyo ndiyo hali ya beringi inayofanya kazi kweli. Oili ya daraja la 30 inaruhusiwa kushuka mpaka 2.9. A5/B5 iko kati ya 2.9 na 3.5, ili kupunguza ulaji wa mafuta. A3/B4 na C3 lazima zifikie 3.5 au zaidi. Zote zinaweza kuandikwa 5W-30 mbele. Kwa injini iliyotengenezewa A5/B5, oili hiyo ni sahihi kabisa. Yangu haikuwa hivyo, na nikaongezea kosa la kuchelewa kuibadilisha.

Tahadhari: kama kopo halikuandika HTHS, tafuta karatasi ya vipimo ya oili hiyo kutoka kwa anayeitengeneza. Tahadhari nyingine: kibali cha mtengenezaji wa gari, kama MB 229.5 (Mercedes-Benz) au VW 502 00 (Volkswagen), kina uzito pale kopo linaposema oili imeidhinishwa. Likisema "inafaa kwa magari yanayohitaji", hayo ni maneno ya muuzaji oili mwenyewe. Na taa ya oili ikipepesa, zima injini. Usisubiri kama mimi.

Hatua ya 5. Injini ya petroli yenye turbo na mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda, tafuta API SP, daraja la Taasisi ya Petroli ya Marekani lililoanza 2020. Ukikosa, SN Plus ya 2018. Injini hizi zina ugonjwa wa mchanganyiko kuwaka kabla plagi haijapiga, hasa gari likiwa mzunguko wa chini na pedali imekanyagwa sana. Ugonjwa huo unaweza kuvunja pistoni, na madaraja haya mawili ya oili hupimwa dhidi yake.

Hatua ya 6. Nunua sinthetiki, maana haigeuki mvuke haraka kwenye joto. Oili hupimwa kiasi inachogeuka mvuke kwa kuwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja. A3/B4 hairuhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 13 ya uzito. Oili inayogeuka mvuke haraka inapungua kwenye kijiti, na inayobaki inaungua na kuganda kama lami kwenye njia nyembamba ya kwenda kwenye turbo.

Hatua ya 7. Kagua muhuri na tarehe. Filta mpya kila unapomwaga oili.

Hatua ya 8. Muda wa kubadilisha. Vitabu vingi vina jedwali la pili la mazingira magumu: joto, vumbi, foleni, safari fupi, kuvuta mzigo. Kama hayo ndiyo maisha ya gari lako, fuata jedwali hilo, lile refu si lako.

Hatua ya 9. Ukitoka kulikimbiza gari, usizime papo hapo. Dakika moja au mbili sailensa zinatosha. Ukiwa umeendesha taratibu kilomita za mwisho, huna haja ya kusubiri.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nina gari ya turbo, niweke oili gani?

Jibu: Hatua ya 1. Rudi na kilichoandikwa kitabuni, tutaendelea.

Swali: Fundi wangu ananiwekea 20W-50 miaka yote na gari inatembea vizuri tu. Haya ya nyuma ya kopo ni kutisha watu.

Jibu: Ndugu, kuna injini za zamani ambazo kitabu chenyewe kinaorodhesha 20W-50 kwa joto kali. Kama yako ni mojawapo, fundi wako yuko sahihi na sina ugomvi naye. Kama kitabu hakiitaji, basi "inatembea vizuri" si kipimo. Yangu nayo ilitembea vizuri mpaka siku ile ya mlima. Sijaandika haya kumtisha mtu, nimeandika kwa sababu nilishika ile feni kwa mkono wangu.

Swali: Samahani kaka, swali langu ni refu kidogo. Gari langu ni petroli, mafuta yanapulizwa ndani ya silinda, na kitabu kinataka A3/B4. Lakini nimesoma kwamba kalisi iliyomo kwenye oili ndiyo inayochochea ule mwako wa mapema, na oili nyingi za A3/B4 zina kalisi nyingi. Sasa nikifuata hatua ya 4 si naumia hatua ya 5?

Jibu: Dada, hili ni swali zuri na asante kwa kulileta. Umesoma sawasawa. Kalisi imo kwenye visafishi vya oili, na ikiwa nyingi inaongeza uwezekano wa matone ya oili kuwaka ndani ya silinda. Ndiyo maana oili nyingi mpya zimepunguza kalisi na kuweka magnesi. Fanya hivi: tafuta kopo lenye A3/B4 na API SP kwa pamoja, yapo. Hapo unapata HTHS ya 3.5 na oili iliyopimwa dhidi ya mwako wa mapema. Ukikosa, usiache A3/B4, ila badilisha oili mapema kuliko kawaida, kwa sababu petroli inayochuruzika na kuchanganyika na oili nayo inachangia. Na kwenye mlima shusha gia. Usikanyage mpaka chini injini ikiwa mzunguko mdogo. Mwaka 2021 ACEA waliongeza madaraja ya A7/B7 na C6 yenye vipimo vya mwako huo, lakini HTHS zake ni za chini ya 3.5, kwa hiyo hayachukui nafasi ya A3/B4 kwako.

Swali: Kwa hiyo wote tuweke 5W-40?

Jibu: Sijasema hivyo popote. Hatua ya 3, rudia.

Swali: Yangu ni dizeli ya Kijapani yenye kichujio cha masizi. Kitabu kinasema DL-1, dukani nimepewa C3. Kuna shida?

Jibu: DL-1 ni daraja la JASO (viwango vya magari vya Japani) kwa dizeli nyepesi zenye kichujio. Jambo kubwa hapo ni majivu. Masizi yanaungua kichujio kinapojisafisha, majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo na kujaza nafasi mwaka hadi mwaka. C3 inaruhusiwa majivu mpaka asilimia 0.8, DL-1 ni kidogo zaidi. C3 haitaiua injini leo, lakini mimi ningerudisha kopo nitafute lenye DL-1. Kosa kubwa kabisa lingekuwa A3/B4 kwenye gari lako, hiyo ina majivu mengi.

Swali: Vipi zile dawa za kuongeza ndani ya oili?

Jibu: Hapana. Oili nzuri imeshachanganywa na kupimwa ikiwa kamili. Pesa hiyo ongeza kwenye kubadilisha oili mapema.

Mdau mwingine: Naomba kuongezea. Watu wanaona oili kwenye mpira wa hewa wanakimbilia kununua turbo. Angalieni kwanza vali ya kupumulia ya injini. Ikiziba, presha inajaa ndani, na oili ya turbo inakosa pa kurudi, inatokea kwenye sili.

Jibu: Asante sana mkuu, hilo nililisahau. Na bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lazima literemke bila kupinda juu popote, kwa sababu oili inashuka kwa uzito wake tu. Wanaofunga turbo mpya wasipake silikoni kwenye maungio ya njia ya oili. Kipande kinachochomoza ndani kinakatika na kwenda kuziba. Baadhi ya injini zina wavu mdogo ndani ya bolti ya bomba la kupeleka oili. Usafishwe au ubadilishwe kabla turbo mpya haijafungwa, vinginevyo nayo itakufa kama ya kwanza.

Swali: Nimefungua mpira nikatikisa shafti, inacheza kidogo kulia na kushoto. Ndiyo imekufa?

Jibu: Si lazima. Injini ikiwa imezimwa hakuna presha ya oili, kwa hiyo beringi za kuelea huacha mchezo kidogo wa pembeni, na huo ni wa kawaida. Angalia mambo mawili, injini ikiwa imepoa. Sukuma na kuvuta shafti kuelekea ndani na nje: hapo karibu usisikie kitu. Kisha isukume pembeni huku unazungusha feni taratibu; meno yasiguse ukuta hata kidogo. Chukua tochi uangalie ukuta mzunguko wote. Kama hauna mkwaruzo na moshi si wa buluu, funga mpira wako, kaza klipu vizuri, uendelee na safari.